Mfugaji mpya na kuku wazee: tumewahukumu mapema

Mtu wa Moshi au Arusha akisema anataka kufuga kuku kumi uani, karibu kila mtu atampa ushauri uleule: nunua vifaranga vya siku moja, lea mwenyewe. Akigusia kununua kuku wa mayai waliokwisha taga mwaka mzima, atachekwa. Hao ni wa supu, ataambiwa. Kama wangekuwa bado wanalipa, mwenye banda angewauza wa nini?

Swali zuri, ila linajibiwa kwa hesabu za mtu mwingine. Mwenye kuku elfu mbili huwaondoa kwenye wiki ya 72 hadi 80 ya umri wao kwa sababu utagaji ukishuka kidogo tu, kwa kundi kubwa namna hiyo anaona mifuko ya chakula ikiteketea. Mwenye kuku kumi ana hesabu yake.

Kuku wa mayai aliyekomaa hula kama gramu 120 kwa siku. Kumi watakula kilo 1.2, hivyo mfuko wa kilo 50 unafika siku 41. Tuseme wanataga asilimia 60 tu, mayai sita kwa siku, kiwango ambacho mfugaji mkubwa angekiona msiba. Mfuko mmoja utatoa mayai 246, trei nane na ushee. Kila yai limekula gramu 200 za chakula. Kuku kijana anayetaga asilimia 90 anatumia gramu 133 kwa yai, kwa hiyo anamzidi mzee kwa gramu 67, na hilo halina ubishi. Lakini kijana huyo amekula kilo saba hivi kabla hajataga yai la kwanza, wiki 18 hadi 20 za kutoa mfukoni bila kuokota kitu kiotani. Gawanya kilo saba kwa gramu 67: ni lazima atage mayai zaidi ya mia moja ndipo afidie chakula cha utoto wake na kuanza kumpita mzee. Hiyo ni karibu miezi minne ya kutaga vizuri, juu ya ile minne na nusu ya kumlea. Na hapo wale waliokufa njiani hatujawagusa.

Maana wanakufa. Kifaranga katika wiki ya kwanza anataka joto la nyuzi 32 hadi 35. Mwezi Julai huku kwetu, umeme ukikatika saa nane usiku au mkaa ukazimika, vifaranga wanalundikana kona moja na kukandamizana. Asubuhi unawatoa wa chini wakiwa wamelala kama vitambaa. Akivuka baridi kuna chanjo ya mdondo, ya gumboro, baadaye ya ndui, na katikati yake kuhara damu. Aliyezoea anayamudu hayo. Anayeanza anajifunza yote kwa mpigo, kwa viumbe dhaifu kuliko wote. Kuku mkubwa anampa nafasi ya kujifunza usafi, maji, chakula na kufunga banda kabla ya kicheche kupita.

Wanaopinga wana hoja moja nzito, nayo si umri. Ni magonjwa. Kuku aliyeugua mafua akapona anaweza kuendelea kuwa na vimelea huku akionekana mzima kabisa. Ukileta vifaranga baadaye ukawaweka jirani naye, umewapelekea ugonjwa mlangoni. Kwa hiyo anayeanza na wazee asichanganye umri: wakiisha, banda lisafishwe na lipumzike wiki kadhaa ndipo waingie wengine. Pia wapo wanaokula mayai yao, na wapo walioanza kunyonyoka manyoya, ambao huweza kukaa miezi miwili au mitatu bila kutaga. Kundi likishuka hadi asilimia 30, yai linakula gramu 400. Hapo bora ukanunue mayai dukani.

Kwa hiyo kazi iko kwenye kuchagua, na hapo ndipo wengi wanauziwa mbuzi kwenye gunia. Mnunuzi mgeni pale soko la Tengeru siku ya Jumamosi anavutiwa na kuku mwenye miguu ya njano inayong'aa, akidhani ndiyo afya. Kwa kuku wa kisasa wa kahawia mara nyingi ni kinyume: anayetaga sana hupauka, kwanza kwenye tundu la kutagia, kisha mdomo, mwisho miguu. Miguu iliyopauka ni ya mfanyakazi. Mgeuze, pima kwa vidole kati ya mifupa miwili ya nyonga: vikienea viwili au vitatu na tundu likiwa pana lenye unyevu, anataga, kikibana kimoja, mrudishe. Pekua chini ya mbawa utafute utitiri. Ukifika naye nyumbani mfungie bandani siku kadhaa (kuku mgeni hakosi kamba mguuni), wala usishtuke akisimama kutaga wiki moja au mbili kwa kuhamishwa.

Lakini bora kuliko sokoni ni kwenda bandani kwa mfugaji mwenyewe na kuomba daftari la chanjo. Nenda asubuhi, kuku wengi hutaga kabla ya adhuhuri, na utayaona mayai kwa macho yako. Muuzaji akikung'ang'aniza uje jioni, mwulize ya asubuhi yako wapi.