Slaidi zenye kuvu zikaushwe, zisikimbiziwe maji

Masika yakiisha huku pwani, kila nyumba inaanika: magodoro, mito, vitabu, nguo za sherehe. Ndipo na makasha ya slaidi za wazee, zile picha za filamu za kutazamwa kwenye mwanga, yanapovutwa kutoka uvunguni, na mwenye nyumba akikuta zimefanya utando mweupe, haraka anatafuta kitambaa na maji. Mwingine anazipanga kwenye ungo na kuziweka juani. Inaniuma sana kuletewa slaidi ambazo kuvu ilikaa nazo miaka mingi bila kuzimaliza, kisha zikamalizwa asubuhi moja na mtu mwenye nia njema kabisa.

Slaidi haina negativu, ile filamu ambayo picha za karatasi husafishwa kutoka kwake. Kile kipande cha filamu ndani ya fremu ya kadibodi ndicho chenyewe kilichokuwa ndani ya kamera siku ile ya harusi au siku ile ya kuagana bandarini. Picha ya karatasi ikiharibika, pengine negativu ipo mahali na itasafishwa nyingine. Slaidi ikiharibika, basi tena, isipokuwa kama kuna mtu aliwahi kuinakili.

Rangi zake zimelala ndani ya tabaka jembamba la jelatini, na jelatini inatokana na mifupa na ngozi za wanyama. Kwa kuvu hicho ni chakula. Hewa ikipita unyevu wa asilimia 60 hadi 65, kuvu inaanza kuota. Tanga, Mombasa na Dar es Salaam tunapita hapo sehemu kubwa ya mwaka. Ubaya zaidi ni kwamba kuvu inapokula hutoa vimeng'enya vinavyoivunjavunja jelatini, na jelatini iliyovunjwa hivyo huyeyuka kwenye maji. Kwa hiyo anayefuta kwa kitambaa kibichi anaondoa kuvu pamoja na uso wa bibi harusi. Jua nalo linachujua rangi na kuikunja filamu.

Chukua lenzi ya kukuzia, uiangalie slaidi kwenye mwanga. Utaona nyuzi zinazogawanyika na kugawanyika tena, kama mizizi ya mche. Ukiona zimekaa juu tu, kijivu au nyeupe, matumaini ni makubwa. Ukiona mstari wa buluu-zambarau ukikatiza koti jeusi la mtu, kuvu imekwisha kula tabaka la juu, lenye rangi ya njano. Panapopita mwanga mtupu, tabaka zote zimeliwa. Hapo hakuna dawa ya kurudisha, na anayekuahidi vinginevyo anakudanganya.

Nionavyo mimi, kusafisha ni kazi ya tatu. Ya kwanza ni kukausha. Tenga slaidi zilizoathirika na zile nzima, vaa barakoa na glovu, maana vumbi la kuvu si la kuvuta, kisha zifungie kwenye kopo lisilopitisha hewa pamoja na vipakiti vya silika, vile vya kunyonya unyevu, vilivyo vikavu. Zilizobanwa kati ya vioo viwili zitolewe kwanza humo, kwa sababu vioo hufungia unyevu ndani. Zipe siku kadhaa. Kuvu mbichi ukiigusa inapakaa. Ikikauka inakuwa unga, na unga huo unapanguswa kwa brashi laini, nje ya nyumba, bila kukandamiza.

Kazi ya pili ni kunakili kwa skana, hata kama madoa bado yapo. Wengi hawataki, wanaona aibu kunakili kitu kichafu. Lakini nakala yenye madoa ni bima yako iwapo mkono utateleza baadaye. Nakili na fremu pia, mbele na nyuma. Mwaka, mji na jina lililoandikwa kwa kalamu pale pembeni mara nyingi havipo mahali pengine popote.

Ndipo ije pamba na alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. Ile spiriti ya asilimia 70 ya duka la dawa haifai, kwani sehemu yake kubwa iliyobaki ni maji. Jaribu ukingoni kwanza. Anza na upande unaong'aa, usio na picha, kisha upande uliofifia, kwa kupitisha pamba mara moja kuelekea upande mmoja na kuitupa. Pamba ikitoka na rangi, acha hapo hapo. Doa linalobaki libaki.

Slaidi za shangazi yangu za Kodachrome, filamu ya kampuni ya Kodak, za miaka ya sitini, bado zina wekundu wa khanga na ukijani wa minazi, kwa sababu rangi zake hudumu sana zikiwekwa gizani. Maabara ya mwisho duniani iliyosafisha filamu hiyo, huko Parsons, Kansas, iliacha kupokea mwishoni mwa 2010. Hazitengenezwi tena.

Siku hizi watu wananiomba nijaze matobo kwa akili mnemba. Ukuta au anga, sawa, mradi nakala ya asili ihifadhiwe. Uso wa mtu sikubali. Programu haijawahi kumwona babu yako. Itakupa mzee mwingine mwenye kofia yake, na wajukuu watakua wakimjua huyo.

Mkishamaliza, msizirudishe uvunguni, wala kwenye chumba chenye kiyoyozi kinachozimwa kila jioni, maana unyevu hurudi usiku. Kopo lililofungwa vizuri, silika inayokaushwa upya kila baada ya mvua, na mifuko ya plastiki ya polipropilini badala ya plastiki ya PVC vinatosha kwa familia. Ila makasha ya familia ni mengi, na wanaozitambua sura zilizomo wanazidi kupungua. Majumba yetu ya makumbusho huku pwani yangetenga chumba kimoja kikavu, na skana moja, watu wangeleta wenyewe.