Mwizi Anatoa Ofa

Shemeji yangu hanunui programu. Kununua, anasema, ni kwa wasiojua njia. Yeye njia anazijua, na kila akiipita moja, kompyuta inaishia mezani kwangu.

Na huyu ni mtu asiyeamini mtu! Mkewe akimwomba simu apige mara moja, anaulizwa ampigie nani. Lakini jitu la intaneti, halina jina wala sura, limempa kraki, yaani programu iliyovunjwa kufuli ya leseni, ndani ya faili la zipu lenye nywila 1234, na maelezo juu: zima antivairasi kwanza, ndipo uendelee. Akazima! Bila swali! Mimi nikimwambia azime taa ya nje tunabishana mpaka asubuhi. Halafu hiyo 1234 hailindi chochote. Imewekwa ili antivairasi isichungulie ndani, basi.

Safari hii kaja mnyonge. Picha za harusi hazifunguki, mafaili yameota mikia ya majina nisiyoweza kuyatamka, na kila folda imeachiwa kikaratasi: _readme.txt. Nikawajua papo hapo. STOP/Djvu hao, vairasi wanaofunga mafaili yako kisha wanadai fidia, makazi yao ni humo humo kwenye kraki na vijiprogramu vya kufyatua funguo za leseni. Na barua yao, jamani, ina adabu! Lipa dola 980 urudishiwe mafaili. Ukiwahi ndani ya saa 72, unakatiwa nusu, dola 490. Tena wanakufungulia faili moja bure, uonje. Mwizi anatoa ofa! Mimi kuna kampuni nailipa kila mwezi, nikipiga simu nasikilizishwa muziki mpaka salio linakata.

"Shemeji, 490 si nafuu?"

Nafuu! Kwa watu ambao hata ukilipa hujui kama watakupa ufunguo! Nikamwambia picha aziache kwanza, akabadilishe nywila zote alizohifadhi kwenye kivinjari, maana wageni hawa hupenda kuja na mwenzao wa kukomba nywila. Na asibadilishie kwenye mashine hii hii. Kumbe tayari alishaingia benki kwa mashine hiyo hiyo, "kuangalia tu kama pesa ipo."

Na programu yenyewe alikuwa anaitakia nini? Kuandika barua ya kurasa mbili. Kurasa mbili! Nikamwonyesha LibreOffice, halali kabisa, haidai senti, ipo tangu 2010.

Akaitazama, akasogeza kiti nyuma.

"Bure? Aa, hapana shemeji. Vitu vya bure vina vairasi."