Jina lake wameliweka kwenye Shukrani

Juzi usiku, Kihesa hapa Iringa, tulikaa watu tisa mbele ya laptop moja kuangalia filamu tuliyoishuti Juni iliyopita. Mimi nilishughulika na mavazi. Ilipoisha nikaomba wasizime, nataka kusoma majina. Hadithi: prodyuza. Skripti: prodyuza. Muongozaji: prodyuza na rafiki yake. Jina la binti aliyeiandika lilikuja mwisho kabisa, kwenye Shukrani, katikati ya mwenye nyumba tuliyoshutia na mama aliyetupikia.

Mama aliyetupikia anastahili kushukuriwa. Bila uji wake tungeganda. Lakini huyu binti aliandika filamu nzima. Kaunta buku lake nimelishika kwa mikono yangu: maandishi ya peni ya bluu, masahihisho ya nyekundu, pembe zimejikunja kwa kubebwa kwenye daladala. Ile sehemu ya mama mkwe anayekataa kupokea kanga, ambayo kila mtu anaisifia, aliiandika upya mara nne. Na baridi ile ya Iringa mnaijua. Alikaa amejifunga blanketi, anamsomea mwigizaji maneno hadi yamkae mdomoni.

Nikampigia prodyuza. Akanijibu kwa upole tu: "Dada, kwani si tumemshukuru?"

Jibu hilo limeninyima usingizi. Kwenye kazi hii jina ndiyo cheti. Hakuna anayekuuliza umesoma wapi, wanakuuliza umeandika nini. Kijana aliyetushikia taa ameandikwa Msaidizi wa Kamera, na kwa jina hilo ameshapata kazi Mbeya. Simwonei wivu, alifanya kazi. Binti naye akienda Dar, au akitaka kupeleka kitu ZIFF, lile tamasha la filamu la Zanzibar, ataonyesha nini? Huku kwetu mama analima mahindi, anapalilia, anavuna, halafu siku ya kuuza magunia baba ndiye anayepokea hela na kuitwa mkulima. Tumekua tunaliona hilo, tukalihamisha lilivyo hadi kwenye filamu. Kalamu ya msichana inaitwa msaada.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mwandishi haki ya kutambuliwa kwamba kazi ni yake. Ila yeye alikabidhi daftari kwa mdomo, bila karatasi hata moja, kwa sababu prodyuza ni mtu mzima na anamwita kaka.

Malipo ya mabinti kuwa nusu ya wenzao wa kiume, hilo nitaliandikia siku nyingine. Na ninyi mnaowaita mabinti gesti usiku mkisema ni usaili: hiyo ni rushwa ya ngono, imo kwenye kifungu cha 25 cha sheria ya rushwa ya 2007.

Nakubali, mambo yanasogea. Seko Shamte aliongoza Binti, filamu ya 2021, ikafika Netflix. Na kuna wanaoniambia hata Marekani walichelewa: Oscar zilianza kutolewa 1929, na mwanamke wa kwanza kushinda ya uongozaji, Kathryn Bigelow, alishinda 2010. Ni kweli. Lakini hiyo ni miaka 81, na huyu binti ana miaka 22. Sitamwambia asubiri.

Nilipompigia yeye, alinyamaza kwanza. Kisha akasema, "Achana nayo dada, nikilalamika hawataniita tena." Hapo ndipo nililia, maana alikuwa anasema kweli.

Ameshaanza kaunta buku la pili, na kuna prodyuza wa Makambako analitaka. Jumamosi tunakwenda wote. Mkataba tumeuandika wenyewe, ukurasa mmoja, umechapwa pale Miyomboni. Kipengele cha kwanza ni jina lake na mahali litakapokaa kwenye filamu. Hela tumeiweka kipengele cha pili. Asiposaini, daftari tunarudi nalo.