Hofu ya baba: kwa nini bado namuwaza Rosa na Okonkwo

Sekondari tulifundishwa kuchambua wahusika kwa staili moja tu, unaandika jina la mhusika alafu chini yake unapanga sifa: ni mlevi, ni mkatili, ana mapenzi ya dhati, hana msimamo. Ukipanga sifa tano na kila moja ukaitolea mfano kitabuni, maksi zako umepata. Ukubwani ndo nimegundua kwamba ile staili ilinifanya nisome vitabu vingi sana bila kumwona mtu hata mmoja. Mtu mwenye vita moyoni huwezi kumpanga hivo, maana sifa ya kwanza inapigana na ya tatu, na hadithi yenyewe iko kwenye ule ugomvi wao.

Aliyenifungua macho ni Rosa. Nakala niliyosoma ilikuwa ya mama mdogo, jalada limeshatoka, kurasa zimeshonwa na uzi mweusi, akanipa akaniambia, "Soma kwanza, alafu tutaongea." Rosa Mistika, riwaya ya Kezilahabi, ilitoka 1971 na ikapigwa marufuku mashuleni, na wengi wanaoijua wanaijua kwa kusikia tu, kile kitabu cha yule msichana aliyeharibika. Mimi mwenyewe ndivyo nilivyokuwa naijua kabla sijaifungua.

Sasa ukiisoma kweli, kinachokukamata mapema sio uharibifu wowote, ni kipigo. Rosa ni binti mdogo tu, yuko kwao Ukerewe, baba yake Zakaria ni mlevi, mama yake Regina ndo anabeba nyumba nzima. Inapatikana barua kutoka kwa kijana anaitwa Charles na Zakaria anampiga yule mtoto kipigo ambacho mimi nilifunga kitabu nikakaa kidogo ndo nikaendelea. Tokea hapo Rosa anawaogopa wanaume. Watu wanamwona binti mtulivu, mwenye adabu, mzazi yeyote angejivunia. Na hapa ndipo naona Kezilahabi aliona mbali sana, kwa sababu ule utulivu ulikuwa ni hofu iliyovaa nguo za adabu. Zakaria hakumfundisha mwanae kwa nini, hakumpa hata neno moja la kushika akiwa peke yake, alimpa tu sababu ya kuogopa. Na ile hofu inakaa pale ilipo fimbo. Rosa anavuka ziwa anaenda kusoma Mwanza, fimbo imebaki ng'ambo, alafu wenzake wanamcheka kwamba hajui wavulana, sasa huyu mtoto anajitetea na nini? Hana kitu. Ndani kutupu kabisa.

Wanaosema Rosa alikosa msimamo nawaelewa lakini nakataa. Huwezi kukosa kitu ambacho hukuwahi kupewa nafasi ya kukijenga. Tena ukimfuatilia vizuri utaona hakuwa na furaha hata pale alipokuwa anajiachia, kuna Rosa anayeenda na kuna Rosa mwingine anayemtazama yule anayeenda, na yule anayetazama anazidi kupata maumivu kila ukurasa. Baadaye anarudi kwao, ni mwalimu, anataka kutulia, na anayekuja kutaka kumuoa ni Charles, yule yule wa barua. Charles naye anataka bikira. Jamani. Kijana ambaye kwa ajili yake Rosa alipigwa utotoni ndiye anayekuja kumhukumu kwa yote yaliyofuata baada ya kile kipigo. Rosa anajiua. Nimeirudia ile sehemu mara nyingi, hata Januari 2020 Kezilahabi alipofariki nilienda moja kwa moja kwenye zile kurasa, na bado sijaweza kuzisoma kwa haraka.

Ukitoka kwa Rosa nenda kwa Okonkwo wa Achebe, yule mwandishi wa Nigeria, kwenye Things Fall Apart, riwaya ya 1958, mimi nilianza kuisoma kwa Kiswahili kama Shujaa Okonkwo. Huyu kwa nje ni kinyume kabisa cha Rosa, mwanaume mwenye nguvu, mpiganaji mieleka, maghala ya viazi vikuu, wake watatu. Ila mlango wa kuingilia moyoni kwake ni ule ule, baba. Baba yake Unoka alikuwa mpiga filimbi, mvivu, madeni kila nyumba, na Okonkwo maisha yake yote anakimbia kufanana na Unoka. Alichokipenda Unoka, Okonkwo anakichukia, na Unoka alikuwa anapenda upole, kwahiyo upole nao ukaingia kwenye vitu vya kuchukiwa.

Alafu inakuja habari ya Ikemefuna. Huyu mtoto kaletwa toka kijiji kingine, kakaa kwa Okonkwo miaka 3, anamwita baba, na Okonkwo anampenda, hilo tusidanganyane, anampenda ila hawezi kulionyesha. Ikaamuliwa mtoto auawe. Mzee mmoja akamwonya kabisa, yule mtoto anakuita baba, usiwe na mkono kwenye kifo chake. Okonkwo akaenda. Mtoto alivyopigwa panga la kwanza akamkimbilia yeye akimwita baba, na yeye akamkata, kwa sababu aliogopa kuonekana dhaifu. Alafu siku 2 nzima hakula, anakunywa pombe ya mnazi tu, anajiuliza yeye amekuwa lini bibi kizee wa kutetemeka. Yaani mwili unalia, yeye anautukana kwa kulia. Mimi sijui sehemu nyingine inayoonyesha mtu akipigana na nafsi yake wazi namna hii, na mwandishi hajakueleza kwa hotuba, kakuonyesha chakula kisicholiwa.

Kwa Kazimoto wa Kichwamaji, riwaya nyingine ya Kezilahabi, sitakaa sana ingawa anastahili makala yake. Yule ni msomi wa chuo kikuu, ana akili za kuchambua kila kitu, anapanga kulipiza kisasi kwa Manase aliyempa mimba dada yake, anamwendea dada wa Manase, Sabina, kwa nia mbaya, na anaishia kumpenda na kumuoa. Ile chuki haikupata pa kwenda ikamgeukia mwenyewe.

Kwenye muvi hali ni tofauti kidogo. Joker ya 2019 niliitazama na vijana wa mtaani kwetu kwenye banda umiza, imejaa mpaka mlangoni, na Arthur, mhusika mkuu, alivyoanza kuua, vijana wakashangilia. Iliniuma, maana nusu saa nyuma walikuwa kimya kabisa wanamtazama anavyocheka kile kicheko cha ugonjwa ambacho hawezi kukizuia, machozi yanataka kutoka na mdomo unacheka. Pale ndo palikuwa na muvi. Joaquin Phoenix, aliyemwigiza Arthur, alifanya kazi kubwa sana pale. Lakini nikimlinganisha na Okonkwo, Arthur ananihuzunisha tu, hanitishi. Kila kitu kimemjia kutoka nje, mama, matajiri, dawa zilizokatwa, kazi iliyopotea, kwahiyo anapoamua hata hauoni kama ameamua. Okonkwo alikuwa na nafasi ya kubaki nyumbani siku ile. Mzee alishampa sababu nzuri na hakuna ambaye angemlaumu. Alienda mwenyewe, na ndo maana ananikosesha usingizi, kwa sababu na mimi kuna siku nimefanya ukali kwa mtu ninayempenda ili tu nisionekane mlaini.

Nilivyorudisha kitabu cha Rosa mama mdogo aliniuliza, "Mwanangu, wewe unamwona nani mwenye kosa?" Nikajibu haraka, Zakaria. Akakaa kimya akishona, alafu akasema, "Na Zakaria alipigwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Okonkwo tunamwelewa kwa sababu Achebe anatupa Unoka mapema kabisa, tunaiona ile hofu ikizaliwa. Zakaria tunakutana naye ameshakuwa mlevi, ameshakuwa na hasira, mkono tayari umeinuka. Hata kesi yake na binti yake inafikishwa mbele ya Mungu mwishoni mwa kitabu, lakini mimi ningetaka zaidi kumwona usiku ule wa barua, baada ya kuchoka kupiga, watoto wengine wamejikunyata, Regina analia, na yeye amelala anatazama dari. Kila nikikifungua kile kitabu siku hizi namtafuta yeye.