Jack Yuko Muheza

Jumapili iliyopita mwanangu wa kidato cha tatu alinivua nguo sebuleni, tena mbele ya mama mkwe. Msinifikirie vibaya, kaptula nilikuwa nayo. Nilichovuliwa ni heshima ya miaka ishirini na kitu.

Mimi naendesha bajaji, kituo changu Tandika sokoni. Pale kijiweni kila mtu ana wizara yake. Yupo wa siasa, yupo wa Simba na Yanga, yupo anayejua bei ya kila kiwanja kuanzia Chanika mpaka Bunju, japo mwenyewe anadaiwa kodi ya chumba kimoja. Mimi ni wa picha. Ukitaka kubishana kuhusu picha la kutisha, la mapenzi, au yale ya maghorofa kuanguka, kesi inaletwa kwangu, nahukumu, watu wanarudi kwenye bao. Vijana wananiita Profesa wa Deki. Kuanzia wiki hii sijui wataniita nani.

Shule yangu ya sinema ilikuwa banda la video, hapo hapo Tandika, mwishoni mwa miaka ya tisini. Kiingilio shilingi 50. TV imefungiwa kwenye kizimba cha nondo kama simba wa maonyesho, chini yake deki, mlangoni blanketi la kuzuia mwanga na wasiolipa. Nje kuna ubao wa chaki: LEO PICHA LA NYOKA, KESHO PICHA LA MELI. Majina ya picha yalikuwa ya nini? Ndani joto la kuivisha ubwabwa. Na pembeni ya TV, juu ya kreti ya soda, amekaa mtafsiri.

Wengi mnamfahamu Lufufu, yule wa kwenye kanda. Wetu hakuwa na kanda, alitafsiri pale pale kwa mdomo, huku anatafuna karanga. Kiingereza, Kihindi, Kichina, vyote kwa kasi moja, wakati mwingine mtu wa kwenye TV hajafungua hata mdomo. Mchina akitamka neno moja, mtafsiri wetu anaongea dakika nzima: "Anasema, wewe kijana, tangu ule mchele wa mkopo wa marehemu mama yako hatujaonana, leo utanitambua!" Banda zima mbinja. Hakuna aliyewahi kumwuliza Kichina amejifunzia wapi. Mjini hapa mtu mwenye sauti nzito haulizwi vyeti.

Na katiba ya banda ilikuwa na kifungu kimoja tu: steringi hafi. Adui afe. Rafiki wa steringi afe, hasa yule anayetoa picha ya mchumba wake mfukoni usiku wa kuamkia vita, huyo hamalizi nusu saa. Lakini steringi hafi. Akifa watu wanadai hela zao, na mabenchi ya mwenye banda yalikuwa ya mbao laini.

Kwa malezi hayo, picha za kutisha zilinishinda kunitisha. Mtafsiri wetu alikuwa na utu. Jini likikaribia kutokea anatangaza, "Wenye presha fumbeni macho, linakuja upande wa kabati, moja, mbili..." Kufika tatu umeshajipanga kisaikolojia. Nawaona vijana wa leo wanazima taa, wanaziba masikio kwa vile vispika vidogo, wanaunguza bando ili watishwe kila mtu peke yake chumbani kwake. Mimi hapo sioni burudani, naona mahabusu.

Nyumbani kwangu sasa anayependa kutishwa ni mama watoto. Yeye ndiye anayechagua picha, yeye ndiye anayejifunika khanga tangu mwanzo mpaka mwisho. "Limetoka?" Bado. "Limetoka?" Bado, mke wangu. "Sasa?" Linatoka hilo. "Usiniambie!" Naangalia kwa niaba ya watu wawili, naota ndoto za watu wawili, halafu asubuhi anamwambia jirani kwamba lile picha wala halikutisha.

Damu nayo siku hizi hainipi shida. Kuna lile picha la Psycho la mwaka 1960, la dada anayechomwa kisu bafuni. Halina rangi, ni nyeusi na nyeupe, kwa hiyo ile damu inayozunguka na maji kuingia shimoni ilikuwa sosi ya chokoleti. Tangu nilipolijua hilo, mtu akichinjwa kwenye TV mimi natamani mkate.

Lililonipata ni moja tu, la papa. Jaws, mwaka 1975, Steven Spielberg. Yule papa wa mashine walipomshusha baharini maji ya chumvi yakamvuruga, leo hafungui mdomo, kesho amezama, kila siku anashinda kwa mafundi. Ikabidi Spielberg apige picha maji matupu, muziki unaguna chini kwa chini, papa mwenyewe haonekani mpaka picha limeshakwenda mbali. Hapo ndipo utisho ulipotoka! Mwenye bajaji kama mimi namwelewa Spielberg mpaka mfupani, maana chombo kibovu kinakufundisha akili ambayo chombo kizima hakina. Lakini alichonifanyia sitasahau. Shangazi yangu alikuwa anakaa Kigamboni. Pantoni la pale Magogoni linavuka kwa dakika chache tu, na dakika zote hizo nilikuwa nasimama katikati kabisa, baina ya lori la mchanga na mama mwenye matenga ya nyanya, nimekumbatia bomba, nasikia ule muziki. Watu wakidhani nina mimba ya baharini. Daraja lilipofunguliwa mwaka 2016 nikaanza kuzungukia huko. Mafuta yananiishia, ndiyo, lakini miguu yote miwili ninayo.

Haya, picha kubwa. Hizi za mahela mengi nilizifuata mpaka ukumbini, mwaka 2019. Mpwa wangu kapata mshahara wa kwanza, akasema mjomba jiandae, leo nakupeleka kuangalia Avengers: Endgame. Saa 3 na dakika 1. Baridi ya mle ndani utadhani wanatuhifadhi tusioze. Bisi bei ya kuku wa kienyeji. Vyote hivyo nilivumilia, kilichonikondesha ni ukimya. Ukumbi umejaa na hakuna anayesema neno! Nikauliza kwa sauti yangu ya kawaida, "Steringi ni yupi?" Wakanigeukia kama nimepiga mluzi msibani. Mpwa akaninong'oneza kwamba masteringi wapo wengi. Wengi kiasi gani? Walivyokuja kutokea wote kwa pamoja ilikuwa daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni, wengine wananing'inia angani.

Nikasema sawa, wengi, katiba ni ile ile. Basi mwishoni yule mwenye nguo za chuma, Tony Stark, akafa. Amekufa kabisa, na maua yakaelea majini. Nikasimama kudai hela yangu. Mpwa akanivuta shati, "Mjomba kaa, watu wanalia." Ni kweli walikuwa wanalia! Watu wazima, wamelipa, steringi kauawa mbele yao, na badala ya kung'oa viti wanapanguza machozi kwa tishu za bisi.

Picha likaisha, majina yakaanza kupanda. Hatuondoki. Nauliza vipi, naambiwa mjomba subiri, huwa mwishoni kabisa kunakuwa na kipande. Majina yanapanda, mtengeneza nywele, dereva, mpishi, msaidizi wa mpishi, mimi nakojozwa na baridi. Kufika mwisho kweli: giza, na sauti ya nyundo juu ya chuma. Kong. Kong. Kong. Taa zikawaka. Nikamwambia mpwa, mwanangu, siku nyingine ukihitaji hiyo sauti nitakupeleka kwa mafundi chuma wa mtaa wa Gerezani, wanagonga kutwa nzima na hawatozi kiingilio.

Sasa turudi Jumapili.

Picha za mapenzi na machozi ndizo hasa zilizonipa uprofesa, na kiti changu kilisimama juu ya moja: Titanic, ya mwaka 1997. Meli yenyewe ya kweli, mwaka 1912, ilizama kwa saa 2 na dakika 40. Picha lake ni saa 3 na dakika 14. Yaani kulitazama ni kazi ndefu kuliko kuzama. Kanda zilikuwa mbili, na mwenye banda hakuzaliwa jana: ya kwanza Jumamosi, ya pili Jumapili, kiingilio juu ya kiingilio. Usiku ule Tandika watu walilala macho wazi, meli tumeiacha baharini peke yake.

Jumapili ile mtafsiri wetu alifanya kazi ambayo sijaona tena. Jack kwake alikuwa kijana wa Buguruni aliyepata tiketi kwa kamari. Yule mchumba tajiri alikuwa mtoto wa mwenye nyumba. Mkufu wenye jiwe la bluu ulikuwa mahari, imeshalipwa, na ndiyo maana wazee wakali. Meli ikazama, Rose yuko juu ya kipande cha ubao, Jack ndani ya maji, kimya banda zima. Rose akamwachia mkono. Jack akashuka taratibu gizani. Watu wameshaanza kuinuka kwenye mabenchi, mwenye banda ameshashika ufunguo wa kizimba, ndipo mtafsiri wetu akapaza sauti:

"Tulieni! Mwamba anazama kwa makusudi! Anapita chini kwa chini, anakwepa polisi wa yule tajiri!"

Tukakaa. Bibi kizee akatupa mkufu baharini: "Anamrushia nauli ya kurudi!" Na mwisho kabisa, mnakumbuka, Rose kijana anapanda ngazi, Jack yuko juu anamsubiri, watu wamevaa vizuri, wanapiga makofi, wanabusiana. "Si niliwaambia? Harusi hiyo! Wale wenye makoti ni upande wa mwanaume. Wakahamia Muheza, wakalima machungwa. Asanteni, wa nje waingie."

Ushahidi nimeuona kwa macho yangu. Jack yuko ngazini, hajalowa hata soksi. Nani angebisha?

Basi Jumapili hii mama mkwe kaja kutusalimia, na kwao ni Muheza. Binti yangu akaweka Titanic kwa Kiingereza chake chenyewe, bila mtafsiri. Mimi nikajitolea kumpa mama mkwe maelezo, nikamwambia, "Mama, wewe kunywa chai yako, huyu kijana hafi, tena ni mtu wa kwenu." Bibi wa watu akatulia. Tumefika penye ubao. Jack akashuka gizani. Binti akasema, bila hata kugeuka, "Kafa kwa baridi, bibi."

Nikacheka. Nikasema subiri ngazi. Ngazi zikaja, makofi yakaja, nikanyanyua kidole, "Eeh? Na hii?"

"Baba, hapo ndiyo Rose naye kafa, au anaota. Wanaompigia makofi ni waliozama na meli. Wote hao marehemu."

Yaani harusi niliyoishangilia toka nikiwa kijana, wageni wote walikuwa maiti. Mama mkwe akaweka kikombe chini, akanitazama muda mrefu. "Mwanangu, si ulisema hafi?" Sikuwa na jibu. Huyu mama nilimwahidi pia kwamba choo cha ndani kitakwisha kabla ya Idi.

Nikajaribu kujitetea kitaalamu. Nikasema kosa ni la Rose, ubao ule unatosha wawili. Mimi napakia watano kwenye bajaji ya watatu, na mmoja anakuwa na ndoo ya dagaa, nishindwe kuwapanga watu wawili waliokonda kwenye ubao? Binti akapekua simu, akaniambia hata James Cameron aliyeliongoza picha hilo walimsumbua kwa swali hilo miaka na miaka, mpaka mwaka 2023 akaonyesha jaribio lake, watu wawili halisi ndani ya maji baridi, na akakubali kwamba Jack huenda angepona. Umesikia? Mwenye picha ilimchukua miaka 25 na vipimo. Mtafsiri wetu alilimaliza siku ile ile, juu ya kreti.

Lakini roho haikutulia. Jumatatu nikamtafuta. Siku hizi anauza kahawa na kashata huko Yombo, ndevu nyeupe, sauti ile ile. Nikaegesha bajaji bila kuizima, maana sikupanga kukaa. Shikamoo. Marahaba. Nikamwambia mzee wangu, umeniharibia maisha, Jack alikufa na wewe ulijua.

Akamimina kikombe, akanipa. "Ulikuwa unalipa shilingi ngapi?"

"Hamsini."

"Kwa hamsini ulitaka nikuulie mtu?"

Nikakosa la kusema, nikanywa. Akapanga kashata zake, akafukuza nzi, kisha akaniuliza kwa nini watu wa Tandika hawakuwahi kurudi kumwuliza habari za Muheza, maana yeye alikuwa ameziandaa. Nikamwambia sikujua kama zipo.

"Zipo. Mwaka wa kwanza mvua iligoma. Jack ana miche mia mbili, hajui hata jembe linashikwaje, na Rose ana mimba ya miezi saba..."

Nikanyoosha mkono nikazima bajaji.