Pensheni ya Helsinki, jua la Algarve

Kila yanapozungumzwa mambo ya wastaafu wanaohamia kusini mwa Ulaya, hoja ni ileile: serikali za kaskazini zina wivu. Mzee amefanya kazi miaka 40, amelipa kodi zake kwenye giza na baridi, na leo akitaka kumalizia umri wake penye jua anafuatwa hadi hukohuko. Hoja hii inagusa moyo. Nimeisikia hata kwa Waswahili wenzetu walioko Stockholm na Helsinki, ambao nao wameanza kuhesabu miaka iliyobaki kabla ya kustaafu. Lakini hesabu yake ina pengo.

Kisa chenyewe ni cha Ufini na Ureno: Ufini ilivunja mkataba wake wa kodi na Ureno ili iweze kutoza kodi pensheni zinazotoka kwake. Mwaka 2009 Ureno ilianzisha hadhi ya kikodi ya “mkaazi asiye wa kawaida”, inayodumu miaka 10. Mstaafu aliyehamia kwa hadhi hiyo hakukatwa chochote Ureno kwenye pensheni yake ya nje. Ni mwaka 2020 tu ndipo wageni wapya walipowekewa asilimia 10. Wakati huohuo, mkataba wa nchi hizo mbili wa kuepuka kutoza kodi mara mbili, wa mwaka 1970, uliipa nchi anakoishi mstaafu haki ya kutoza pensheni za sekta binafsi. Ureno ikawa na haki isiyoitumia, Ufini ikawa na hamu isiyokuwa na haki. Aliyestaafu kutoka kampuni binafsi hakulipa kodi ya pensheni hiyo popote. Aliyestaafu kutoka utumishi wa umma aliendelea kukatwa na Ufini, hata kama wamepanga mlango kwa mlango kule Faro, mji wa mkoa wa Algarve, kusini mwa Ureno. Hapo wivu uko wapi? Wawili wamefanya kazi nchi moja, wanaishi mtaa mmoja, na mmoja tu ndiye analipa.

Neno linalopotosha mjadala huu ni “tayari”: mzee *tayari* alishalipa kodi. Tuseme mshahara ulikuwa euro 3,000 kwa mwezi, na mchango wa mfanyakazi kwenye pensheni ni 200. Kodi ya mapato haikupigwa kwenye 3,000, ilipigwa kwenye 2,800. Zile 200 zilipita bila kuguswa, na mchango wa mwajiri, ambao ni mkubwa zaidi, haukuhesabiwa kuwa mapato ya mfanyakazi hata siku moja. Serikali ilikubali kungoja kwa sharti moja: siku pesa hizo zitakaporudi kama pensheni, zitakatwa. Kwa hiyo zile 200 hazikusamehewa kodi, kodi yake iliahirishwa. Rudia hesabu hiyo mwezi kwa mwezi, miaka 40, ndipo utaona ukubwa wa deni lililokuwa linasubiri. Mtu akihama mwezi mmoja kabla ya deni kuiva, halafu akasema alishalipa, hasemi uongo kwa makusudi. Amechanganya kodi aliyolipa kwenye 2,800 na ile ambayo haikuwahi kudaiwa kwenye 200.

Liko jambo jingine ambalo huwa halitajwi kabisa. Kwa kanuni za hifadhi ya jamii za Umoja wa Ulaya, mstaafu anayelipwa pensheni na nchi moja tu akahamia nchi nyingine ya Umoja, matibabu yake hugharamiwa na nchi inayomlipa pensheni. Anachukua fomu S1, inayothibitisha haki hiyo, anajiandikisha kwenye kituo cha afya cha huko aliko, na bili inarudi kaskazini. Ziko nchi zinazokata mchango wa afya kwenye pensheni hizo, na ni haki kulisema hilo. Hata hivyo, pale kodi ilipokuwa sifuri, nchi ya asili ilibaki na gharama za uzee, ambao ndio umri wa gharama kubwa, bila ya kodi inayozibeba. Madaktari wa Ureno walihudumia, Wafini waliobaki wakalipa.

Upande wa pili una lake la kusema, na si dogo. Mstaafu hakuandika sheria. Hakuficha akaunti wala kusema uongo kuhusu anakoishi; alitumia haki ya kuhama ambayo Ulaya yenyewe inajivunia. Pesa yake inazunguka Ureno, ambako kiwango cha kawaida cha kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 23. Tena mkataba ukivunjwa hauvunjiki kwenye kifungu cha pensheni peke yake. Wafanyakazi na kampuni, watu wasiohusika kabisa, wamepoteza vifungu vinavyoamua mtu mwenye nyumba mbili ahesabiwe mkaazi wa nchi ipi. Hili ni kubwa, kwa sababu ukaazi wa kodi hauishii kwenye kuhesabu siku 183 kama wengi wanavyoamini. Ufini humhesabu raia wake kuwa mkaazi hadi miaka mitatu ipite baada ya mwaka aliohama, asipothibitisha kwamba hana tena mafungamano ya maana nayo. Ureno nayo yaweza kumhesabu mkaazi kwa sababu ana makazi yake ya kawaida huko. Bila mkataba, mtu anaweza kudaiwa na wote wawili.

Ureno yenyewe imebadili mawazo. Mwaka 2023 Waziri Mkuu António Costa alisema kuendeleza mpango ule ni dhuluma ya kikodi inayochangia kupandisha bei za nyumba, na mlango ukafungwa kwa wageni wapya kuanzia 2024, isipokuwa waliokuwa kwenye kipindi cha mpito. Mpango uliofuata unalenga watafiti na wataalamu wa ubunifu; wastaafu hawamo. Italia bado inawapa wastaafu wa kigeni asilimia 7 kwenye miji midogo ya kusini, na Ugiriki asilimia 7 kwa miaka 15. Lakini anayepanga kuhama kwa kuangalia asilimia hizo peke yake anaanzia mwisho. Uswidi nayo ilivunja mikataba yake na Ureno na Ugiriki kuanzia 2022. Cha kusomwa kwanza ni kifungu cha pensheni cha mkataba, na ndivyo ilivyo hata kwa anayerudi nyumbani Tanga, maana Tanzania ina mikataba ya kodi na Uswidi na Ufini.

Kwa hiyo nasema Ufini ilikuwa na haki kuhusu pesa, ingawa silaha iliyotumika, yaani kuvunja mkataba, ni butu. Na haikuanza na silaha hiyo. Mwaka 2016 nchi hizo mbili zilitia saini mkataba mpya, uliokuwa na kifungu cha kuiruhusu Ufini kutoza pensheni zake. Ufini ikauridhia. Ikangoja. Lisbon haikuuridhia, na mwezi Juni 2018 Helsinki ikatoa notisi. Tarehe 1 Januari 2019 mkataba wa 1970 ukakoma.