Ufunguo kiganjani mwa Bergman

Mwandishi, kwenye makala yako umeziweka Notorious (1946) na Topaz (1969) kapu moja kwa kuwa zote ni filamu za ujasusi za mwongozaji Alfred Hitchcock. Hapo sikubaliani nawe kabisa. Kwenye Notorious kamera inaanzia juu ya ukumbi wa sherehe, inashuka taratibu mpaka kwenye kiganja cha mwigizaji Ingrid Bergman, na humo mna ufunguo wa stoo ya mvinyo. Moyo unadunda, maana mhusika wake ameuiba kwa mumewe anayempeleleza, na mume huyo yuko pale pale! Topaz inazunguka Copenhagen, New York, Cuba na Paris, wahusika wanapishana tu, huishii kumjali hata mmoja. Kifo cha Juanita, yule mwanamke wa Cuba, gauni la zambarau likitandaa sakafuni kama ua, kinapendeza mno, lakini kinapita upesi.